Kisanduku cha Kumi na Moja

Cha kwanza, jina: Nkwimba Luhende.
Cha pili, umri: thelathini na sita.
Kazi: fundi cherehani, Igogo,
mlango wa bluu juu ya ngazi za mawe.
Vinajazika. Kalamu inateleza
kama dagaa mbichi kwenye ungo.

Kisha cha kumi na moja:
Je, mwombaji ana ugonjwa wa kudumu?

Hakuficha. Alitoa kadi ya kliniki ya Bugando,
kingo zimelainika kama noti ya zamani.
"Selimundu," akasema, "tangu tumboni mwa mama.
Andika kwa herufi kubwa, isije ikasomwa vibaya."

Nikamuuliza, maana nalipwa kuuliza:
unalazwa mara ngapi kwa mwaka?
Mara mbili. Baridi ikizidi, tatu.
Na siku hizo mtoto atabaki na nani?
"Dada yangu Limi, yuko Buhongwa.
Na jirani, Mama Bahebe, ana ufunguo wa pili."
Na ikiwa…
Nilisita. Yeye hakusita.
"Nikifa? Wewe una watoto?"
Wawili.
"Waliokuzalisha walikuuliza hivyo?"

Feri ya Kamanga ikapiga honi.
Nikajifanya natafuta stepla.

Mtoto anaitwa Shija, wa kituo cha Kisesa, miaka minne.
Shija ni anayefuata pacha;
Kulwa na Doto wake hatujui waliko.
Jina alikuja nalo kwenye kipande cha boksi,
ugonjwa alikuja nao kwenye damu,
ule ule.
Wanandoa watatu walikwenda kumwona,
wazima, vyeti vina mihuri yote.
Mmoja alimletea baiskeli.
Wakasoma faili.
Baiskeli ilibaki.

Nilikuwepo Jumamosi ile mifupa ilipomshika.
Walezi wakakimbilia kabati la dawa.
Nkwimba akaomba maji ya uvuguvugu na kanga,
akamfunga magoti bila kuuliza yanauma wapi.
"Leo lina rangi gani?" akamnong'oneza.
Shija akafikiri. "Jekundu."
"Langu la juzi lilikuwa kijani. Kijani cha magugu maji."
Mtoto akacheka huku machozi yakimtoka.
Hakuna kisanduku cha hilo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hawa wawili wamelala kitanda kimoja miaka yote
kabla hawajaonana.

Lakini ngojeni, msinipe umalaika.
Mimi nililelewa Nansio, na mama mkubwa,
baada ya kumzika mama.
Madaktari walisema ana moyo mkubwa;
nasi tukadhani wanamsifu.
Nilikuwa na miaka tisa nilipofungwa kaniki mara ya pili.
Yatima hadeki, wanasema.
Yatima wa mara mbili, hata kulia anaomba ruhusa.

Kwa hiyo nikitaka kuandika "anafaa,"
mtoto yule wa Nansio ananishika mkono.
Nikitaka kuandika "hafai,"
ni yeye yule tena, ananishika mkono:
ile miaka mitatu ya mama mkubwa,
samaki aliyechambua miiba kwa vidole vyake
akaniwekea mnofu pembeni ya sahani,
unataka niirudishe kwa nani?

Sina jibu. Nina fomu.
Afya iulizwe, sikatai;
mtoto si mche wa kujaribia shamba.
Ila wazima wale watatu nao walijibu vizuri
kisanduku cha kumi na moja.

Nimeandika: Ndiyo, ana ugonjwa.
Hapo nafasi imekwisha, kwa hiyo pembeni,
kwa mwandiko mdogo unaopanda ukingo wa karatasi,
nimeandika maji ya uvuguvugu,
nimeandika Limi wa Buhongwa,
nimeandika ufunguo wa pili, na nani anao.
Hakimu atasoma, au hatasoma.

Wino umeniishia kwenye neno "napendekeza."
Nimeshuka kwa mlinzi kuazima kalamu.